Mtoto Akiumia Shuleni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Haki na Usalama

Binti yangu alikuwa na miaka 4 mlango wa darasa ulipomkata ncha ya kidole. Tangu siku hiyo nimekaa na wazazi wengi kwenye mabenchi ya hospitali na nje ya ofisi za walimu wakuu, na maswali yao ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo kabla ya kufungua madai onana na wakili au kituo cha msaada wa kisheria. Hata hivyo misingi mingi inafanana, hasa katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, na mzazi anayeijua si rahisi kubabaishwa.

Nimepigiwa simu kwamba mtoto ameumia. Nianze na nini?

Anza na tiba, hata ukiambiwa ni kitu kidogo. Kichwa ndicho cha kuogopwa zaidi, kwa sababu mtoto anaweza kuinuka, akacheka, akarudi darasani, na hatari ikajitokeza saa kadhaa baadaye. Akitapika zaidi ya mara moja, kichwa kikizidi kumuuma, akisinzia hata kumwamsha ikawa shida, akianza kuongea ovyo, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyenzake, akipata degedege, au akitokwa na majimaji puani au sikioni, mpeleke hospitali saa ile ile. Hata asipoonyesha dalili yoyote, mtazame kwa karibu kwa siku 2 za mwanzo. Na mtoto anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo harudishwi uwanjani siku hiyo, hata kama timu inafungwa.

Aliyeungua mwagie maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, bila kumpaka dawa ya meno wala mafuta. Jino la ukubwani likitoka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi, lidumbukize kwenye maziwa na uwahi kwa daktari wa meno kabla saa 1 haijapita. Jino la utoto halirudishwi.

Mtoto akishakuwa mikononi mwa daktari, shika kalamu. Andika siku hiyo hiyo: ilikuwa saa ngapi, mahali gani, mwalimu wa zamu alikuwa nani, nani walikuwepo, umeambiwa nini na nani kwa maneno gani. Piga picha za jeraha na za mahali penyewe. Viatu na nguo alizovaa zihifadhi bila kuzifua. Mwombe daktari aandike jeraha na jinsi lilivyotokea, kwa sababu kilichoandikwa siku ya kwanza hospitalini, kabla mtu yeyote hajawaza kesi, huaminiwa kuliko kinachosimuliwa mwaka mmoja baadaye.

Mimi nilichelewa. Mlango ule ulikuwa ukishikiliwa na jiwe. Siku hiyo jiwe halikuwepo, upepo ukaubamiza mlango, na kidole cha binti yangu kilikuwa upande wa bawaba. Nilikesha naye hospitalini, nikarudi shuleni siku ya tatu. Nikakuta mlango umefungwa kishikio kipya, skrubu zake bado zinang'aa, na kwenye kitabu cha matukio pameandikwa: "Mtoto alikuwa akichezea mlango." Jiwe lilikuwa limetupwa. Sikuwa na picha hata moja.

Nimuulize mtoto mwenyewe kilichotokea?

Ndiyo, lakini mara moja, kwa utulivu, na kwa swali lililo wazi: "Hebu niambie ilikuwaje." Usimtilie maneno mdomoni kwa kuuliza "Alikusukuma, siyo?" Mtoto hupenda kumridhisha mzazi, na akishaulizwa mara tano kwa namna tano utapata hadithi tano. Yaandike maneno yake kama alivyoyasema, hata yakiwa ya kitoto. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na ajali yake mwenyewe ni mojawapo.

Je, kila mtoto akiumia, shule ina makosa?

Hapana, na nadhani hapa ndipo wazazi wengi tunapopotea njia. Watoto hukimbia, hujikwaa, huanguka. Kifungu cha 31 cha mkataba huo huo kinawapa haki ya kucheza, na shule inayowakalisha watoto chini siku nzima ili wasichubuke magoti inawadhuru kwa namna nyingine.

Ili shule iwajibike kwa uzembe, kwa kawaida unatakiwa kuonyesha mambo manne: kwamba ilikuwa na wajibu wa kumlinda mtoto, kwamba haikutimiza uangalifu uliotarajiwa, kwamba mtoto alidhurika, na kwamba alidhurika kwa sababu hiyo na si nyingine. Jambo la kwanza halina ubishi sana. Mwaka 1893 mahakama ya Uingereza ilisema mwalimu anapaswa kuwa na uangalifu wa baba makini kwa watoto wake. Kipimo hicho kimeendelea kurekebishwa, kwa kuwa baba hana watoto 40 kwa mpigo wala hakusomea ualimu, lakini mzizi wake umebaki.

Vita kubwa huwa kwenye jambo la pili, na swali linaloamua ni hili: kabla ya ajali, shule ilijua nini, au ilipaswa kujua nini? Mwaka 1997 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza kesi ya wasichana wawili wa miaka 15 waliokuwa wakichezeana kama wenye panga, kwa rula za plastiki, darasani. Rula moja ikavunjika, kipande kikamwingia mmoja wao jichoni. Ni maumivu makubwa, lakini mahakama iliona msichana wa umri ule asingeweza kutegemewa kuona hatari hiyo mapema, na mwenzake hakupatikana na hatia ya uzembe. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kawaida pale shuleni na haukuwa umekatazwa.

Linganisha na mlango wetu. Wiki mbili baada ya ajali, mama mmoja alinisimamisha getini akaniambia mwanawe alibanwa na mlango ule ule mwezi uliotangulia, kucha ikageuka nyeusi, naye alimwambia mwalimu. Na kwa nini jiwe liliwekwa, kama si kwa kuwa kuna mtu alijua mlango unajibamiza? Kubanwa kwa yule mtoto wa kwanza kungeweza kuitwa bahati mbaya. Kwa binti yangu, onyo lilikuwa limeshatolewa.

Kwa hiyo ukitafuta ushahidi, usitafute tu nani alikuwepo siku ile. Waulize wazazi wengine kama kitu hicho kiliwahi kutokea. Tafuta barua, jumbe za simu, kumbukumbu za kikao cha wazazi, ripoti ya ukaguzi. Hapo ndipo kesi nyingi husimama au kuanguka.

Wajibu wa shule unaanza na kuishia saa ngapi?

Haufuati kengele peke yake. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kesi ya msichana wa miaka 8 aliyepigwa kichwani na gongo la mchezo kabla ya masomo kuanza. Geti lilikuwa limefunguliwa, watoto wameruhusiwa kuingia, ila hapakuwa na mwalimu aliyewasimamia. Shule ilipoteza. Ukiwafungulia watoto geti, umewapokea.

Upande wa jioni, mwaka 1969 Uingereza ilikuwa na kesi ya mtoto wa miaka 5 aliyetolewa darasani dakika chache kabla ya muda uliozoeleka. Mama yake alikuwa bado njiani kuja kumchukua. Mtoto akavuka barabara peke yake, akagongwa. Dakika zile chache ndizo zilizohesabiwa kuwa uzembe.

Ziara, mashindano na kambi zinazoandaliwa na shule zimo ndani ya wajibu huo. Basi la shule pia. Njia ya kutoka nyumbani kwa miguu kwa kawaida haimo, isipokuwa shule yenyewe imeweka utaratibu wa kuwavusha.

Shule inasema kosa ni la kampuni ya nje iliyoajiriwa. Nimdai nani?

Usikubali kurushwa kama mpira. Mwaka 2000 msichana wa miaka 10 nchini Uingereza aliumia vibaya ubongo katika somo la kuogelea lililofanyika wakati wa masomo, chini ya watu ambao hawakuwa waajiriwa wa shule. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kuna wajibu ambao shule haiwezi kuukabidhi kwa mwingine: inaweza kumkabidhi mtu kazi, lakini dhima inabaki kwake, ilimradi kazi hiyo ni sehemu ya elimu iliyokubali kuitoa. Mahakama za nchi nyingine hutazama uamuzi huo ingawa hazifungwi nao.

Nilisaini fomu inayosema shule haitawajibika kwa ajali yoyote. Nimejifunga?

Mara nyingi hapana. Fomu ya ridhaa inathibitisha kwamba uliarifiwa kuhusu safari na ulikubali mtoto aende. Haiipi shule ruhusa ya kuzembea. Katika nchi nyingi haki ya mtoto ya kudai ni yake mwenyewe na mzazi hawezi kuiuza kwa saini. Uingereza, sheria ya mwaka 1977 iliharamisha masharti ya kibiashara yanayojaribu kukwepa dhima ya kifo au jeraha linalotokana na uzembe. Pako baadhi ya majimbo ya Marekani ambako fomu hizo hupewa nguvu zaidi, kwa hiyo zisome kabla ya kusaini, na ukiona sentensi ya namna hiyo ikate kwa kalamu, andika herufi za jina lako pembeni, ubaki na nakala.

Wanasema mtoto mwenyewe hakusikia alipokatazwa.

Sheria humpima mtoto kwa uelewa wa mtoto wa umri wake. Mtoto mdogo sana hahesabiwi kabisa kuwa amezembea. Kwa kijana wa miaka 15 aliyepanda paa la bweni usiku, mahakama inaweza kupunguza fidia kwa kiasi cha mchango wake katika ajali. Lakini kumbuka kwamba shule ipo kwa sababu watoto hawasikii mara ya kwanza. Kumwambia mtoto wa darasa la kwanza "usiguse" na kukiacha kitu hicho pale pale alipo si ulinzi.

Aliumizwa na mwanafunzi mwenzake. Je, hilo ni la shule au la wazazi wa yule mtoto?

Swali linarudi kule kule: shule ilijua nini? Ugomvi uliozuka ghafla na kwisha kwa sekunde chache ni vigumu kuubebesha shule. Uonevu uliolalamikiwa mara tatu, mtoto yule yule, choo kile kile, mapumziko yale yale, huo ni wa shule. Ndiyo maana malalamiko ya mdomo hayatoshi. Andika barua fupi yenye tarehe, peleka nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea. Ujumbe wa simu nao unafaa, mradi usiufute. Wazazi wa mtoto aliyeumiza, katika nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza, hawawajibiki moja kwa moja kwa sababu tu ni wazazi. Nchi zenye mfumo wa Kifaransa huwabana zaidi.

Mwalimu ndiye aliyemuumiza kwa adhabu.

Nenda hospitali, kisha polisi na ustawi wa jamii, kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinataka nidhamu ya shule iendane na utu wa mtoto, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema hivyo hivyo katika kifungu cha 11. Nchi nyingi zimepiga marufuku viboko shuleni moja kwa moja, na Kenya ni mojawapo kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Nyingine bado zinaviruhusu kwa masharti: nani apige, viboko vingapi, na kwamba viandikwe kwenye daftari. Hata huko, adhabu iliyovunja mkono au kuacha makovu imeshatoka nje ya ruhusa yoyote. Hapa kuna njia mbili zinazoweza kwenda pamoja: ya jinai, inayomhusu aliyepiga, na ya madai, inayomhusu mwalimu na mwajiri wake.

Usikubali kumaliza jambo hili kwa "kuelewana" ofisini. Nimeona mama akipewa nauli na pole, akaambiwa asaini karatasi ambayo hakuisoma.

Nina muda gani wa kudai?

Hili linawaponza wengi kuliko jambo lolote. Kila nchi ina ukomo wa muda. Uingereza madai ya majeraha ya mwili yana miaka 3, lakini kwa mtoto saa haianzi kuhesabu hadi afikishe miaka 18, kwa hiyo anayo nafasi hadi atakapotimiza 21. Madai dhidi ya serikali huwa na masharti makali zaidi. Kenya, madai ya uzembe dhidi ya Serikali yana ukomo wa miezi 12, wakati madai kama hayo dhidi ya mtu binafsi yana miaka 3. Tanzania unatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kuishtaki Serikali. Umri wa mtoto unaweza kusogeza muda, ila usiutegemee. Shahidi huhama, mwalimu hustaafu, daftari huliwa na mchwa.

Kesi ya mtoto inafunguliwa na nani, na fidia inahesabiwa vipi?

Mtoto hufungua kupitia mzazi, mlezi au mtu mzima mwingine ambaye sheria humwita rafiki wa karibu. Fidia huwa na sehemu mbili: gharama zinazohesabika, yaani matibabu, usafiri, vifaa, siku za kazi ulizopoteza ukimuuguza, na matibabu yajayo, halafu maumivu, ulemavu na mambo ambayo mtoto hataweza tena kuyafanya. Risiti zote weka kwenye bahasha moja, hata ya bodaboda.

Mkikubaliana na shule au kampuni ya bima nje ya mahakama, fahamu kwamba katika nchi nyingi makubaliano kuhusu fidia ya mtoto hayana nguvu hadi mahakama iyaidhinishe, na pesa huweza kuwekwa chini ya uangalizi hadi akue. Huo ni ulinzi wake. Tena usiharakishe: mfupa wa mtoto una sehemu ya ukuaji karibu na maungio, na ikivunjika hapo, kiungo kinaweza kupinda au kubaki kifupi miaka kadhaa baadaye. Mwulize daktari waziwazi kabla hujakubali kiasi chochote.

Hatari kubwa zaidi shuleni ziko wapi?

Uwanja wa michezo unaongoza kwa majeraha ya kuanguka, na kinachoamua ukubwa wa jeraha ni urefu wa kuanguka na ugumu wa chini. Bembea juu ya saruji na bembea juu ya mchanga mzito ni vitu viwili tofauti kabisa. Angalia pia nafasi kati ya nguzo: uwazi wa kama sentimita 9 hadi 23 ni mtego, kwa kuwa mwili wa mtoto hupita na kichwa hukwama. Kamba za kofia za makoti hunasa kwenye mteremko wa kutelezea. Na goli. Goli la chuma lisilochimbiwa huua watoto wanaoning'inia kwenye mwamba wake. Ukipita uwanjani, lisukume kwa mkono. Likiyumba, usiondoke hapo kabla hujazungumza na mtu.

Maabara ina hatari yake. Kuna jaribio linalopendwa la kuonyesha rangi za moto kwa kumwaga spiriti ya methanoli karibu na mwali. Limewaunguza wanafunzi tena na tena, hata bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ikatoa onyo mwaka 2013. Rangi zile zile zinaweza kuonyeshwa bila kumwaga spiriti.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni milango iliyofungwa. Mwaka 2001 moto uliwaua wavulana 67 katika bweni la shule ya Kyanguli nchini Kenya, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na nondo. Mwaka 1958 moto katika shule ya Our Lady of the Angels, Chicago, uliua watu 95, na baada yake sheria za moto mashuleni zilibadilishwa Marekani. Ukimtembelea mtoto wa bweni, uliza vitu vitatu: mlango wa pili uko wapi, ufunguo hukaa kwa nani usiku, na mara ya mwisho walifanya zoezi la kutoka lini. Halafu muulize mtoto maswali yale yale akiwa peke yake. Majibu yasipolingana, amini ya mtoto.

Mtoto wangu ana pumu, kifafa au mzio. Nifanyeje?

Iandikie shule, usiseme kwa mdomo. Ukurasa mmoja unatosha: dalili zake, dawa yake iko wapi, apewe kiasi gani, nani apigiwe. Dawa ya kuvuta ya pumu isifungiwe kabatini ambako ufunguo umeondoka na mwalimu. Shule ikishapokea ukurasa ule, imejua, na sheria itaipima kwa ujuzi huo.

Nikilalamika, mtoto hatasumbuliwa?

Hofu hii ni ya kweli na simlaumu mzazi anayenyamaza. Njia iliyo salama zaidi ni kwenda wazazi wawili watatu pamoja, kwa barua inayozungumzia kitu, yaani mlango, goli, geti, badala ya mtu. Ikishindikana, panda ngazi: bodi ya shule, mkaguzi wa elimu, tume ya haki za binadamu. Mtoto akianza kusumbuliwa baada ya barua, hilo nalo liandike na tarehe yake.

Mimi ni mwalimu. Nitashtakiwa mimi mwenyewe?

Kwa kawaida anayelipa ni mwajiri. Tena mahakama hutofautisha mwalimu na mfumo. Mwaka 1955 Uingereza, mtoto ambaye hajafikisha miaka 4 alitoka geti la shule hadi barabarani wakati mwalimu akimsafisha jeraha mtoto mwingine. Dereva wa lori akamkwepa, akafa yeye. Majaji walisema mwalimu hakuzembea, alikuwa akimhudumia aliyeumia. Aliyewajibika ni mamlaka ya elimu, kwa kuwa na geti ambalo mtoto mdogo angeweza kulifungua.

Kwa hiyo kitu kibovu kiripoti kwa maandishi, ubaki na nakala, na uripoti tena kisipotengenezwa. Mtoto akiumia mikononi mwako, andika ulichokiona, si ulichoambiwa uandike. Mwalimu wa binti yangu aliniambia miezi baadaye, machozi yakimlengalenga, kwamba yeye ndiye aliyeomba kishikio cha mlango muhula mzima. Aliomba kwa mdomo.